Baiskeli kuukuu ya chuma: soma tairi kwanza, jina baadaye

Fundi wangu wa baiskeli pale Ngamiani ana tabia moja inayowaudhi wateja. Ukimpelekea baiskeli ya mtumba uliyoinunua kwa mbwembwe, hatazami rangi, hatazami gia, wala hasomi jina lililoandikwa kwenye fremu. Anachuchumaa, anafuta vumbi ubavuni mwa tairi kwa dole gumba, anasoma namba. Halafu ama ananyamaza na kuendelea na ukaguzi, ama anainuka na kusema, "Mjomba, hapa umenunua pambo." Mimi nimeambiwa hivyo mara mbili, na mara zote mbili alikuwa na haki.

Ninakaa Pongwe, nafanya ukarani bandarini Tanga. Kwenda ni kilomita 12 na ushee, kurudi vivyo hivyo, na huu ni mwaka wa 11 nakwenda na kurudi kwa baiskeli. Katika muda huo nimemiliki baiskeli saba, zote kuukuu, zote za chuma. Tano nimeziuza au nimezigawa. Nimebaki na mbili: Raleigh ya gia tatu ya kwendea kazini, na ile tunayoiita "mountain", ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ya kwendea mbali. Raleigh niliinunua shilingi 90,000, mountain 160,000, matengenezo mbali. Hizo ni bei nilizolipa mimi kwa watu niliokutana nao. Zako zitategemea mdomo wako na shida ya muuzaji.

Watu huniuliza kwa nini ning'ang'anie chuma wakati zipo za alumini nyepesi. Jibu langu ni fupi. Chuma kikipinda kinanyooshwa, kikikatika kinachomelewa, na kazi hiyo inafanyika Korogwe, Handeni, popote penye mtungi wa gesi na mtu mwenye mkono mtulivu. Alumini ikipasuka, mafundi wengi tulio nao watakuonea huruma tu.

Namba za ubavuni

Tuanze anapoanzia fundi. Kwenye ubavu wa tairi kuna maandishi ya aina mbili. Moja ni ya inchi: 28 x 1½, 26 x 1⅜, 26 x 1.95. Haya yapuuze, yamewaponza wengi. Tafuta yale mengine yenye kistari katikati, mfano 40-635. Namba ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia, na hiyo ndiyo itakayoamua kama utafika nyumbani.

Uongo wa inchi uko hivi. Baiskeli zetu za siku zote, Phoenix ya Shanghai na zile za Kihindi kama Hero na Avon, nyingi zina tairi la 28 x 1½, yaani 635. Lakini baiskeli za Ulaya za mwendo wa mjini nazo huitwa "ishirini na nane" na kumbe ni 622. Jina moja, tofauti milimita 13, haliingii. Kwenye 26 ni balaa zaidi. Raleigh yangu ya gia tatu ni 26 x 1⅜, yaani 590, na baiskeli nyingi za Kijapani zenye kapu mbele ni hiyohiyo. Mountain ni 26 x 1.95 au 2.0, lakini ringi yake ni 559. Ukimtuma mtoto dukani akalete "tairi la ishirini na sita" bila kumwandikia namba, umemtuma bahati nasibu.

Hapa Tanga, 635 na 559 ninazipata karibu kila duka la vipuri, mpaka zile fremu za mbao kando ya barabara zinazouza pampu na viraka. 590 ninaipata nikizunguka kidogo. 622 mara nyingi nangojea mtu anayetoka Dar. Na 630, ile 27 x 1¼ ya baiskeli za michezo za zamani, usiniulize.

Au niulize, maana ndiyo pambo langu la kwanza. Ilikuwa ya buluu, ya Kijapani, gia kumi, usukani wa pembe za kondoo, nyepesi unainua kwa vidole viwili. Nililipa 150,000 nikaona nimeiba. Jumamosi moja nikaifunga mzigo kwenda Pangani, wakati huo njia bado vumbi na mawe. Karibu na Kigombe ubavu wa tairi la nyuma ukachanika kama kanga. Dukani kijijini palikuwa na tairi mbili, 635 na 559. Nikasema moyoni, 630 na 635, milimita tano, si kitu. Nikaivalisha 635. Iliingia bila hata kutumia vijiko vya kuvalishia tairi, na hapo ndipo ningeshtuka. Nilipoanza kupiga upepo, ukingo wa tairi ukapanda juu ya ringi polepole, tyubu ikachungulia kama ulimi, kisha ikapasuka kwa mlio uliowatoa watu kwenye baraza.

Aliyeniokoa ni mvuvi. Alikata kipande cha tairi kuukuu kiasi cha kiganja, akakichonga kingo kwa kisu mpaka zikawa nyembamba, akakiweka ndani ya tairi langu lililochanika, halafu akashona ubavu kwa mshipi na sindano ya nyavu, mshono wa kwenda na kurudi. Nikajaza upepo nusu, nikarudi Tanga mwendo wa maiti. Tangu siku hiyo natembea na kipande cha tairi na sindano ndani ya mfuko wa spana, na baiskeli ile nilimuuzia kijana wa Dar ambaye anajua zinapopatikana tairi zake.

Kwa hiyo kabla hujakwenda kuangalia baiskeli yoyote, zunguka maduka matatu ya karibu nawe uandike namba zinazouzwa. Hiyo karatasi ndiyo orodha yako ya manunuzi. Baiskeli nzuri yenye ringi isiyo na tairi mjini kwenu ipunguzie bei ya kubadili ringi zote mbili, au iache.

Chuma kipi

Beba sumaku. Ile ndogo ya kwenye spika mbovu inatosha. Ikinata kwenye fremu, ni chuma. Isiponata ni alumini na safari yetu imeishia hapo. Sumaku hainung'uniki wala haidanganywi na rangi.

Vyuma vyenyewe vinatofautiana. Baiskeli za kawaida zimetengenezwa kwa chuma cha mabomba mazito, hakina jina la kujivunia, na kwa kwenda kazini kinatosha kabisa. Kile chepesi huwa na kibandiko kwenye bomba la kiti: Reynolds 531 kwa za Uingereza, Columbus kwa za Italia, Tange au Ishiwata kwa za Japani, au maandishi tu ya Cr-Mo au 4130. Reynolds walianza kuuza hiyo 531 mwaka 1935. Mabomba bora ya namna hii ni mazito nchani, pale yanapoungwa, na membamba katikati, ndiyo maana ukiyagonga kwa ukucha katikati yanalia kama kengele ndogo na ukigonga karibu na kiungo mlio unadidimia.

Kibandiko kikishabanduka, chomoa nguzo ya kiti usome namba iliyogongwa juu yake. Nguzo ya 27.2 milimita kwa kawaida inamaanisha bomba lenye ukuta mwembamba, yaani chuma kizuri. Nguzo ya 25.4 inamaanisha bomba la kawaida lenye ukuta mnene. Si sheria ya msahafu, lakini imenisaidia mara tatu kumjua aliyenificha habari na yule asiyejua anachouza. Mountain yangu niliipata hivyo: imepakwa rangi ya nyumba, kijani ya milango, hakuna jina hata moja, lakini nguzo ikasema 27.2 na mkono ukasema nyepesi. Nikanyamaza nikatoa hela.

Mtu wa kazini na nyumbani asilipe zaidi kwa ajili ya kibandiko. Uzito wa kilo mbili tatu hutausikia kati ya Kange na bandarini. Utausikia Lushoto.

Ukaguzi, na mahali pa kusema hapana

Nenda mchana. Muuzaji anayekuita saa moja usiku ana sababu zake.

Kitu cha kwanza ni kulegeza bolti ya kiti na kujaribu kuzungusha nguzo. Ikizunguka, vizuri. Ikigoma, mwombe muuzaji aizungushe yeye. Ikimshinda na yeye, hapo bei inashuka kwa nusu au unaaga. Nguzo iliyogandana na kutu ndani ya fremu inaweza kukula wiki nzima: dizeli, moto, nyundo, mwisho msumeno. Nimeikata moja kwa msumeno wa chuma kutoka ndani, mistari miwili kwenda chini, jioni nne mfululizo, na mkono wa kulia ukafa ganzi. Siirudii. Fanya jaribio hilohilo kwenye shingo ya usukani.

Pili, pitisha kidole chini ya bomba la juu na la chini, hapo nyuma tu ya bomba linalobeba usukani. Ukisikia mkunjo, au ukaona rangi imepasuka vipande vya kuvukavuka mahali hapo, baiskeli imewahi kugonga kitu kwa mbele. Wengine watakwambia inanyooka. Uma wa mbele unanyooka, ndiyo. Fremu yenye mkunjo hapo mimi naiacha.

Tatu, kamba. Funga uzi kwenye mfuo wa gurudumu la nyuma, pale ekseli inapokaa, upande mmoja, upeleke mbele uzunguke bomba la usukani, urudi mpaka upande wa pili. Ukaze. Sasa pima kutoka uzi hadi bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Tofauti ya milimita mbili tatu haikuui. Ikifika kumi, baiskeli itakuwa inakimbilia mtaroni kila ukiachia mkono mmoja kusalimia watu.

Halafu kranki. Shika mkono mmoja wa pedali kwa mkono wako wa kushoto na mwingine kwa wa kulia, utikise. Zikipishana, kotapini, ile pini inayobana mkono wa pedali kwenye ekseli yake, imelika. Hiyo ni pini ya hela ndogo na isikutishe, ila uinunue ya unene uleule, kwa sababu za Kiingereza ni milimita 9.5 na za Kifaransa 9, na fundi mwenye haraka ataipigilia yoyote. Zikicheza pamoja kwenda kulia na kushoto, gololi za ndani zimekwisha au vikombe vyake vimelegea. Gololi zenyewe ni robo inchi, 11 kila upande. Zibadilishe zote kwa pamoja. Usichanganye mpya na za zamani ati kwa kuwa nane zinang'aa.

Hapo kwenye vikombe pana mtego. Baiskeli nyingi hufuata kipimo cha Kiingereza: kikombe cha upande wa cheni kinafunguliwa kwa kuzungusha kama saa, kinyume cha mazoea. Za Kifaransa za zamani na za Kiitalia zinafunguliwa kawaida pande zote mbili. Na Raleigh nyingi za zamani zina mikato yao wenyewe, nyuzi 26 kwa inchi badala ya 24, hivyo kikombe cha dukani hakiingii hata ukilia. Suluhisho ni kutokigusa. Kikombe cha upande wa cheni kiache palepale, kisafishe kwa mafuta ya taa na kitambaa kikiwa ndani, weka grisi na gololi mpya, funga. Vikombe vya zamani vilitengenezwa kwa chuma kigumu, vingi bado vina maisha.

Pedali nayo, ya kushoto inafunguka kinyume. Nimeona kijana mwenye nguvu ameivunja kranki kwa kutokujua hilo.

Mwisho wa ukaguzi, karatasi. Namba ya fremu huwa imegongwa chini ya kitovu cha pedali au karibu na kiti. Iandike kwenye hati ya mauziano, jina la muuzaji, lako, shahidi, na mpitie kwa mwenyekiti wa mtaa. Baiskeli ina wenyewe wengi wasiojulikana. Muuzaji anayekasirikia karatasi amekwishakujibu.

Raleigh na habu yake

Raleigh yangu niliikuta Muheza, kwa mama mmoja aliyekuwa ameining'iniza kwenye kenchi za jiko la kuni tangu mumewe afariki. Ilikuwa nyeusi ya masizi, inanata. Nilipoifuta kwa mafuta ya taa, chini ya masizi kromu ilikuwa inameta. Moshi na mafuta ya kupikia vilikuwa vimeipaka koti ambalo chumvi ya bahari haikuweza kulipenya. Sikupendekezei, lakini ndivyo ilivyokuwa. "Chukua mwanangu," aliniambia, "ila kengele usiitoe." Kengele ipo.

Moyo wa baiskeli hii ni habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma ya Sturmey-Archer, ya Nottingham kama Raleigh yenyewe. Gia tatu zote zimo ndani ya habu, hazioni vumbi. Juu ya ganda lake pamegongwa herufi AW na tarakimu; yangu ina 68 na 3, maana yake ilitengenezwa Machi 1968. Ukiikuta habu hiyo, unajua umri wa baiskeli bila kumuuliza mtu, alimradi gurudumu halijawahi kubadilishwa.

Gia ya pili ni ya moja kwa moja, kama vile haina gia. Ya kwanza inapunguza hadi asilimia 75, ya tatu inaongeza hadi asilimia 133. Yangu ilikuwa imeganda, mafuta ya miaka yamegeuka gundi. Usiifungue. Tafuta kitundu chenye kifuniko kwenye ganda, tia kijiko cha dizeli, zungusha gurudumu, laza baiskeli ubavu usiku kucha. Asubuhi iache ichuruzike, kisha tia mafuta ya injini mepesi, nusu kijiko. Ya kwangu ilizinduka siku ya pili. Kuanzia hapo ni matone machache kila mwezi na basi.

Waya wa gia ndio unaohitaji akili. Weka kibadilishia kwenye namba mbili. Upande wa kulia wa ekseli kuna nati ndefu yenye dirisha dogo, na kijimnyororo kinatoka ndani yake. Chungulia dirishani: pale kijimnyororo kinapoungana na ufito wake, bega la ufito linatakiwa lilingane sawasawa na mwisho wa ekseli. Likizidi au likipungua, kaza au legeza kwa kizungushio kilicho mwisho wa waya, kisha ukifunge kwa nati yake ndogo. Ukipiga gia ya pili na ya tatu huku unakanyaga utasikia tiki-tiki-tiki. Ya kwanza ni kimya. Hiyo ndiyo afya.

Usipuuze marekebisho hayo, kwa sababu kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali patupu ambapo pedali huzunguka bila kuvuta chochote. Mimi pamenikuta nimesimama juu ya pedali napandisha kilima, mguu ukaporomoka, goti likakutana na usukani. Nilitembea na kidonda hicho Ramadhani nzima.

Raleigh za namna hii zilitoka na sproketi ya nyuma ya meno 18 na ya mbele 46. Kwa njia tambarare sawa. Kwangu, nikiwa na mzigo wa nazi nyuma, ni ngumu. Nilibadilisha ya nyuma ikawa ya meno 22. Inashikiliwa na pete moja ya chuma unayoing'oa kwa bisibisi bapa, kazi ya dakika kumi, ila cheni uongeze pingili mbili. Kabla, gia ya chini ilikuwa inazungusha gurudumu karibu mara 1.9 kwa kila mzunguko wa pedali. Sasa ni 1.6 hivi. Kwenye karatasi ni kidogo, kwenye magoti ni kingi.

Ubaya wake mmoja sitauficha: ringi za chuma zenye kromu hazina breki wakati wa mvua. Masika, ukibana breki, unapata mlio na maombi. Ukipata ringi za alumini za 590, fanya uzifunge mara moja, spoki mpya, hutajuta. Mpaka hapo, mvua ikinyesha anza kubana mapema, mara ya kwanza kufuta maji, mara ya pili kusimama. Malori ya saruji ya Pongwe hayatakungoja ujifunze.

Ya kwenda mbali

Kwa safari ya siku kadhaa, ushauri wangu unawaudhi wapenzi wa usukani wa pembe za kondoo. Tafuta mountain ya chuma ya kati ya miaka ya 1980 na katikati ya miaka ya 1990, ile ambayo uma wake wa mbele ni mgumu, hauna springi. Zilitengenezwa kwa chuma kizuri, fremu ina vitundu vya kufungia keria, ringi ni 559 unayoipata mpaka vijijini, na gia za mbele ni tatu. Ndogo ya meno 28 mbele na kubwa ya meno 28 nyuma inakupa mzunguko kwa mzunguko. Nilipanda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, kilomita kama 33 za kona juu ya kona, na mzigo wa kilo 14. Nilisimama mara nyingi, ndiyo, lakini kwa kununua plamsi, si kwa kusukuma.

Zenye springi mbele uziache. Springi ya miaka 25 ni kutu iliyojificha kwenye mpira.

Ukinunua, badilisha friwili (lile fungu la sproketi za nyuma), cheni na waya zote siku ileile hata kama muuzaji anaapa. Friwili ya gia sita yenye meno 14 hadi 28 haina gharama kubwa. Fundi aifungue friwili ya zamani *kabla* hujavunja spoki na ringi. Bila gurudumu la kushikia haifunguki tena. Kibadilishia gia cha kidole gumba, kile cha zamani kinachokaa juu ya usukani, kitunze kama mboni. Kinaweza kwenda bila kubofya, yaani unaitafuta gia kwa sikio, hivyo hata friwili ya aina yoyote kinaielewa.

Keria sasa, na hapa nasema kwa sauti. Mafundi wa kuchomelea wa hapa kwetu hutengeneza keria ya nondo inayobeba gunia la mkaa, na ukiwaachia wataiunganisha moja kwa moja kwenye fremu. Usikubali. Bomba la chuma chepesi ni jembamba kama ganda la kopo, moto ule unalidhoofisha, na miezi sita baadaye litakatika pembeni mwa mchomeleo. Keria ifungwe kwa bolti kwenye vitundu vyake, au kwa vibano vilivyowekewa kipande cha mpira. Nondo za milimita nane zinatosha. Zile za kumi na mbili ni za nyumba.

Mifuko ya pembeni nimeshonewa na fundi cherehani kwa turubai la lori lililochakaa, mshono mara mbili, vifungo vya mkanda. Kila mmoja unameza nguo za siku nne na sufuria. Juu naweka kitanda cha kambi, nakaza kwa mpira wa tyubu uliokatwa utepe, kitu ambacho hakuna duka la Ulaya limekishinda. Mzigo mzito uweke chini na mbele ya ekseli ya nyuma, sio nyuma yake, usije ukapanda kilima gurudumu la mbele linapepea.

Kutu ya pwani inaanzia ndani. Kabla ya safari ya kwanza nilichomoa nguzo ya kiti, nikamimina kikombe cha mafuta mazito ya gia ndani ya bomba, nikaigeuzageuza fremu kama chupa ya dawa ya kikohozi, nikaiacha inaning'inia mpaka kesho yake. Iliacha dimbwi uani na mke wangu alinisemesha kwa siku mbili. Nguzo ya kiti nairudisha na grisi kila baada ya mvua kubwa. Rangi sijaibadilisha. Ile kijani ya milango inazuia wezi kuliko kufuli.

Kilomita 100 za kwanza baada ya matengenezo, simama kila 20 ukaze kotapini kama zipo, nati za ekseli na bolti za keria, kwa mpangilio huo. Kotapini mpya hulainika na kutafuta kikao chake. Gonga mara moja kwa nyundo ndogo huku umeweka jiwe upande wa pili wa kranki, ndipo ukaze nati. Ukikaza bila kugonga, nyuzi zitaliwa. Mfuko wangu wa spana una funguo namba 10, 13, 15 na 17, spana moja ya kurekebisha mdomo, bisibisi, viraka, gundi, tyubu moja, spoki nne zilizofungwa kwenye keria, na kile kipande cha tairi chenye sindano na mshipi.